Tulinawa Katika Beseni Moja

Wasomaji wangu, mara ya mwisho niliwaacha nikiwa nimekaa kwenye benchi nje ya wodi, hapa Vwawa, maneno ya daktari yakinivuma masikioni. Usaha umefika mfupani. Mama apelekwe Mbeya, akapasuliwe na kuwekewa chuma. La sivyo mguu ukatwe juu ya goti, na hilo halingoji sana.

Kwa asiyenijua bado: mimi ni Frida, mtoto wa Roda muuza maharage, wa Mbebe kule Ileje. Nimemaliza chuo cha ualimu na ajira sijapata. Hata hivyo mama hunitambulisha kwa watu kama mwalimu, nami huitikia kwa aibu.

Mama aligongwa na lori pale Mpemba, kwenye foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia. Alikuwa na ndoo ya maharage kichwani. Mdogo wangu Kefa, anayefanya vibarua Tunduma, alikuwa karibu kwa bahati. Ndiye aliyembeba mgongoni mpaka kwenye bajaji.

Dereva ni Masudi, mtu wa Tanga. Hakukimbia. Alimtolea mama damu. Kisha akaja wodini na mkewe Raudha, mjamzito, na kuku wamemfunga miguu kwa kamba ya katani. Akapiga magoti.

Nyumbani kwetu mtu aliyekuumiza bila kukusudia akija na kuku, nanyi mkanawa mikono katika beseni moja, neno limekwisha. Halirudiwi, hata kwa utani. Mama aliomba beseni kitandani. Akanawa yeye, akanawa Masudi na mkewe, nikanawa mimi. Hata Kefa akatumbukiza mikono yake, machozi yakimdondoka ndani ya maji, mpaka nesi akamtania: "Wewe kijana unanawa ule nini? Kuku mwenyewe bado anatutazama."

Tulicheka siku ile. Halafu mimi nikaenda polisi kuomba kesi ifutwe. Ikafutwa. Nilirudi wodini natembea kama mtu aliyeponya dunia.

Sasa sikilizeni dunia ilivyonijibu.

*

Mkadiria hasara wa kampuni ya bima ya lori alikuja kutoka Mbeya. Nilimkuta kwa wakala wa bima, karibu na soko la Vwawa, amekalia kiti kidogo kuliko mwili wake, anatafuna karanga. Bwana Lusajo. Mtu mpole, uso umechoka. Nilikuwa nimejiandaa kukutana na simba.

"Kaa, binti. Mama anaendeleaje?"

"Si vizuri, baba."

"Pole. Hukumu umekuja nayo?"

"Hukumu ipi?"

"Ya mahakama. Inayosema dereva wa lori ana hatia."

"Haipo. Tulimsamehe."

Akaacha kutafuna.

"Mlimsamehe."

"Ndiyo. Tulinawa naye mikono. Nikaenda polisi mwenyewe, kesi ikafutwa."

"Mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Nani alikushauri?"

"Dhamiri yangu."

"Dhamiri yako ingenipigia simu kwanza."

Wakala akacheka pembeni. Bwana Lusajo hakucheka. Alizikusanya karanga zake, akazirudisha kwenye mfuko, akaufunga.

"Nisikilize. Kampuni hailipi kwa sababu mtu ameumia. Inalipa kwa sababu dereva wake amekosea. Sasa ninyi mmekwenda kusema hajakosea."

"Hatukusema hajakosea! Tumesema tumemsamehe!"

"Kwenu ni mambo mawili. Kule ninakopeleka ripoti ni jambo moja. Mbele yao mama yako ni kama aliangukiwa na mti."

"Njoo basi wodini uuone huo mti!"

"Nilikwenda jana," akasema taratibu. "Nikauona mguu. Chakula cha mchana kilinishinda."

Nikakosa pa kumchukia. Afadhali angekuwa simba.

"Hakuna njia nyingine?"

"Ipo moja. Rudini polisi, kesi ifufuliwe. Dereva akikiri mwenyewe, hukumu haitachelewa. Hukumu ikitoka, mimi nitaomba kampuni iiandikie hospitali ya Mbeya wampokee mama mara moja. Hilo naweza kulipigania."

"Na yeye dereva?"

"Faini, hakimu akiwa na huruma. Asipokuwa nayo, jela. Leseni, sidhani kama ataishika tena."

"Ana mke mjamzito."

"Na wewe una mama," akasema. "Kesho kutwa nitakuwa Mpemba nikapime mahali penyewe. Uje na dereva. Kama hamkuja, nitaandika nilichokikuta, na nilichokikuta ni hewa."

*

Harufu ya mguu ilinipokea mlangoni mwa wodi kabla sijamwona mama. Kefa alikuwa anamnywesha uji, kijiko kwa kijiko, kama unavyomlisha ndege. Tangu ajali hajalala kwake Tunduma. Analala sakafuni chini ya kitanda cha mama, na manesi wamechoka kumfukuza.

Nikaeleza yote. Mama akasikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Hapana."

"Mama, ni mguu."

"Najua ni nini. Uko kwangu."

"Daktari amesema ukichelewa..."

"Daktari amesema yake. Mimi nilinawa na yule mtu. Sasa nimwite nimwambie maji yale yalikuwa ya utani?"

"Mungu ataelewa."

"Mungu ataelewa. Raudha je? Aliinama hapa na tumbo lile akanifulia kanga zenye usaha. Yeye naye ataelewa?"

Wagonjwa wa vitanda vya jirani walikuwa wametulia kabisa. Wodini hakuna redio. Redio yao siku ile tulikuwa sisi.

Nikajaribu njia nyingine. Mjue nampenda mama yangu, na mjue pia kwamba nilikuwa naamini kila neno nililolisema.

"Mama, hatumsingizii. Tunasema kweli tu, kwamba alikugonga. Kweli haijawahi kumvunja mtu mguu."

Mama akamtazama Kefa. Kisha akageuza uso ukutani.

"Mwalimu," akasema, "wewe nenda kafundishe."

Bibi wa kitanda cha pili akaguna. Kefa akaweka bakuli chini kwa haraka, uji ukamwagika.

"Dada, achana nayo," akasema. "Achana nayo, nakuomba. Nitafanya vibarua mchana kutwa. Nitakopa. Nitavuka mpaka niende Nakonde, Zambia, kwa baba mdogo, nitampigia magoti."

"Baba mdogo ana nini Nakonde? Ana kibanda cha vocha!"

"Basi nitauza figo!"

"Acha upuuzi. Kwa nini mnamlinda Masudi kuliko mama?"

Kefa akafungua mdomo. Mama, bila kugeuka, akasema, "Kefa. Nyamaza."

Kefa akainuka. Akatoka nje karibu anakimbia. Nikamsikia anatapika kando ya bomba la maji. Nilidhani ni harufu ya kidonda.

Jioni ile Kefa alikuwa bado hajarudi wodini, nikampigia simu kwa hasira. Nikamwambia kesho kutwa tutakuwa Mpemba na mtu wa bima, mama akipenda asipende, na yeye abaki kumwangalia mgonjwa. Akajibu neno moja tu: "Sawa."

*

Masudi nilimpata Mpemba kesho yake. Tangu ajali alikuwa ameshakwenda Zambia na kurudi, na sasa lori lake lilikuwa foleni tena, linakwenda tena. Alikuwa amekaa kwenye banda la mama lishe mmoja, Mwanamvita, mama wa kelele na ukarimu. Pale ndipo madereva wa Kiislamu wengi hula. Malori yamejipanga mbele ya banda kama ukuta, na Mwanamvita huwasalimia Wazambia kwa Kibemba cha kibiashara, "Muli shani!" nao humwitikia kutoka juu, "Bwino, mama!"

Sikujua nianzie wapi. Nikaanzia kulia.

Masudi akasubiri nimalize. Kisha nikamweleza: mfupa, Mbeya, hukumu, bima. Nilitarajia atanikumbusha beseni. Nilistahili.

"Nitakiri," akasema.

Hakuuliza mara mbili. Alisema kama mtu anayekubali kuongezewa chai.

"Utapoteza leseni, kaka Masudi."

"Najua."

"Unaweza kufungwa."

"Raudha atakwenda kwa mama yake Pangani, akajifungulie huko. Mama yako amekubali?"

"Hapana."

"Basi usimwambie mpaka niwe nimeshasimama mbele ya hakimu. Akijua atanizuia."

"Kwa nini unatufanyia hivi?"

Akaitazama mikono yake. "Funguo zilikuwa zangu," akasema.

Nilidhani ni namna ya watu wa Tanga ya kusema "nilikuwa mimi." Nikamshika mkono, nikambusu. Njiani kurudi Vwawa nilikuwa naimba moyoni. Jamani, watu wema wapo! Niliwaza kwamba nitakapopata shule yangu, nitawasimulia wanafunzi habari za Masudi.

*

Siku ya kupima ilikuwa na vumbi na upepo. Bwana Lusajo alikuja na futi ya kamba na kofia ya jua. Akamchukua Masudi wakasogea mbali kidogo, penye nguzo ya umeme ambapo mama aliangukia, wakaanza kunyoosha ile futi barabarani. Baada ya hapo tungeongozana wote kwenda polisi.

Mimi nikabaki kwenye banda. Mwanamvita alikuwa anakoroga wali wa nazi, jicho moja kwenye sufuria, jicho moja kwa wale wawili.

"Hawa wanampima Masudi wangu wanamshonea kanzu?"

"Mtu wa bima, mama. Baadaye tunakwenda polisi. Masudi anakwenda kukiri."

"Kukiri nini?"

"Kwamba ndiye aliyemgonga mama yangu."

Mwiko ukasimama.

"Nani? Huyu?"

"Ndiyo."

"Mwanangu, huyu alikuwa amekaa hapo ulipokaa wewe! Sahani ya wali mapajani. Kishindo tulikisikia pamoja, akairusha sahani akakimbia. Sahani yangu ya udongo, mpaka leo hajanilipa!" Akacheka, akanipiga begani. "Ondoa wasiwasi. Nikimaliza kuepua, namfuata huyo mnene mwenye kofia nimwambie. Hafungwi mtu kwa kosa lisilo lake, mimi nikiwa hai. Wewe si ndiye uliyemfutia kesi? Umefanya vizuri, umefanya vizuri sana."

Nikamvuta kitenge.

"Sasa lori... nani alikuwa analiendesha?"

"Wasogezaji! Aa, ninyi watu wa milimani. Hii foleni unaiona? Dereva atakaa usukani mpaka lini? Anakula saa ngapi, anaoga saa ngapi? Anamwachia kijana funguo. Lori la mbele likisogea, kijana naye anasogeza. Leseni hana, lakini mkono anao. Nusu ya vijana wa hapa wanakula kwa kazi hiyo."

"Na siku ile alikuwa kijana gani?"

"Ee, wewe si ndugu wa mgonjwa? Nilidhani mnajuana. Ndiye aliyembeba mama yako mgongoni mpaka kwenye bajaji." Akarudi kukoroga. "Maskini, njia nzima analia, 'Mama, mama, mama.' Nikasema moyoni, kijana huyu kalelewa. Mtu asiyemjua, anamwita mama."

Nakumbuka wali ukianza kuungua na Mwanamvita akilaani kuni.

Yote yakaja mara moja, kama watu wanaogombea mlango. Mikono ya Kefa ndani ya beseni. Mama akigeuza uso ukutani. *Kefa. Nyamaza.* Masudi na funguo zake. Nikakumbuka siku ile mama alipoomba beseni: ni yeye aliyeanza kusema, "Laiti kungekuwa na mtu wa kuongea vizuri na polisi, jambo hili likaisha." Alisema huku ananitazama mimi, msomi wake. Nami nikajidhania wazo la kufuta kesi lilitoka kwenye moyo wangu mweupe.

Mama hakumsamehe Masudi. Masudi hakuwa na la kusamehewa zaidi ya kushikwa na njaa. Mama alikuwa anamsamehe mwanawe, mbele ya macho yetu sote, kwa njia pekee ambayo isingemtaja.

Na bado alikataa mguu wake uponywe kwa kifungo cha Masudi. Alikuwa ameshauhesabu mguu ule kuwa umekwenda. Mimi ndiye niliyekuja kuutikisa ukuta aliojenga kumficha Kefa.

"Binti!"

Bwana Lusajo alikuwa anakuja, anakunja futi yake, Masudi nyuma yake. Mwanamvita akajifuta mikono kwenye kitenge.

"Enhe, baba, wewe ndiye wa bima? Nina neno na wewe."

Nikamdaka kifundo cha mkono. Nilimshika kwa nguvu mpaka akanitazama usoni, na aliyoyaona usoni mwangu yakamfunga mdomo. Alinitazama, akatazama barabara, akanitazama tena. Nikajua amejua.

"*Mama, mama,*" akanong'ona. "Astaghafirullah."

Bwana Lusajo hakuona. Alikuwa anapiga vumbi kofia yake. "Tumemaliza hapa. Vipimo vinakubaliana na maneno ya dereva. Limebaki swali moja, nami nataka nilisikie kwa mtu wa familia, maana hapa Mpemba mambo ya kuachiana usukani nayajua, sikuzaliwa jana. Kama aliyekuwa anaendesha ni huyu, mwenye leseni, leo hii tunakwenda polisi, na kabla wiki haijaisha mama yuko Mbeya. Kama alikuwa mtu mwingine asiye na leseni, kampuni itakunja mikono na sitaweza kuifungua. Basi niambie, binti. Aliyekuwa usukani ni nani?"

"Nimeshakwambia," Masudi akasema. "Ni mimi."

"Nimemuuliza yeye."

Masudi alinitazama juu ya bega la yule mzee. Akatikisa kichwa kidogo sana, kama anayemfukuza nzi. *Usiseme.*

Nikavuta pumzi.

"Ni mimi."

Sauti haikuwa yangu. Ilitoka kando ya lori. Kefa alikuwa amesimama pale, shati limemganda kwa jasho, mkononi ameshika kikontena cha uji cha mama. Nadhani alitoka nacho wodini bila kujua, akapanda gari nacho mpaka Mpemba.

"Ni mimi," akasema tena. "Huyu kaka alikuwa anakula."

"Mwongo!" Masudi akafoka, na ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akifoka. "Mtoto huyu anamlilia mama yake, akili imemruka. Mzee, usimsikilize. Lori langu, funguo zangu, mimi ndiye niliyeendesha!"

"Kaka, basi. Umebeba vya kutosha."

"Nyamaza, Kefa! Nilimwapia mama yako!"

Akagundua alichosema. Akaziba mdomo kwa kiganja, lakini neno lilikuwa limeshashuka chini.

Bwana Lusajo akamtazama Masudi. Akamtazama Kefa. Kisha akavaa kofia yake polepole, akanigeukia mimi, na sauti yake haikuwa ya mtu wa ofisini.

"Binti, mimi sijasikia kitu. Kuna upepo, na masikio yangu ya uzee. Nitaandika jina utakalonitajia wewe, hilo tu, na sitauliza la pili. Yupi?"

Nikisema Masudi, mama anaokoka mguu, na mtu asiye na kosa anakwenda jela kwa neno langu. Nikisema Kefa, mama anakatwa mguu, na mwanawe anachukuliwa, na yale maji ya beseni nimeyamwaga mimi. Kweli haijawahi kumvunja mtu mguu. Ni mimi niliyesema hivyo, juzi tu, kwa sauti, mbele ya wodi nzima.

Simu ikaanza kutetemeka mkononi mwangu. Mama.

Mbele yetu foleni ikaguna, lori la mbele likasogea. Lori la Masudi likabaki palepale, mlango wazi, kiti kitupu. Nyuma yake honi zikaanza, moja, mbili, kisha zote kwa pamoja. Dereva mmoja akatoa kichwa dirishani, amekasirika, akatupigia kelele sote tuliosimama pale:

"Ninyi! Dereva wa hili lori ni nani?"